Je, Wajua? Sauti Zilizolea Mpira wa Kikapu wa Vyuo Marekani

Je, wajua kwamba mchezo wa kwanza wa kikapu cha vyuo kuonyeshwa kwenye televisheni Marekani ulichezwa tarehe 28 Februari 1940? Ilikuwa Madison Square Garden, New York: Pittsburgh iliifunga Fordham 57–37, na usiku huohuo NYU ikaichapa Georgetown 50–27. Kituo kilichorusha picha kiliitwa W2XBS, na nyumba zenye televisheni jijini zilikuwa za kuhesabu. Nchi iliyobaki ilitegemea redio, na iliendelea kuitegemea kwa miaka mingi, kila jimbo na mtu wake.

Watu hao wa majimbo ndio habari yetu leo. Mchezaji wa chuo hukaa miaka minne, na siku hizi wengi hawafikishi hata miwili. Kocha akishinda sana hunyakuliwa na chuo kikubwa zaidi, akishindwa hufukuzwa. Anayebaki ni mtangazaji. Ndiyo maana mzee wa Kentucky au wa Kansas akiikumbuka timu ya ujana wake, huikumbuka kwa sauti ya mtu fulani, na akilitaja jina la mtu huyo uso unamchangamka.

Je, wajua ni nani aliyewafundisha Wamarekani kuuona uwanja wa kikapu kwa masikio? Marty Glickman. Alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi, akapelekwa Berlin kwenye Olimpiki ya 1936, na asubuhi ya mbio za kupokezana vijiti yeye na Sam Stoller, wote wawili Wayahudi, wakaondolewa kikosini. Baadaye akaingia redioni, na katika michezo ya Madison Square Garden akaugawa uwanja kwa maneno ili msikilizaji ajue kila mara mpira uko wapi: konani, pembeni, juu ya duara la mitupo huru, chini ya kikapu. Watangazaji wa kikapu waliokuja baada yake wamepita njia aliyoichonga yeye. Nitamrudia huko chini, kwa sababu kuna jambo jema alilomtendea kijana mmoja mrefu wa California.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Kansas kimetundika ukumbini jezi ya mtu asiyekuwa mchezaji? Jezi namba 60 iliyo juu kwenye Allen Fieldhouse ni ya Max Falkenstien, na 60 ni miaka aliyoitangaza timu hiyo, kuanzia 1946 hadi 2006. Siku yake ya kwanza, 18 Machi 1946, Kansas ilifungwa na Oklahoma A&M mjini Kansas City. Siku chache baadaye Oklahoma A&M hiyohiyo ikatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga North Carolina 43–40, na fainali hiyo ikawa ya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni, ingawa walioiona ni watu wa New York tu. Kocha wa kwanza wa Kansas alikuwa James Naismith mwenyewe, aliyebuni mchezo huu mwaka 1891. Phog Allen, aliyekuja kuifundisha timu hiyohiyo, alijifunza kwa Naismith. Falkenstien akaanza kazi Allen akiwa bado kocha, akaimaliza enzi za kocha Bill Self. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 95.

Je, wajua kwamba televisheni ya kikapu ya majimbo ya Carolina ilizaliwa kwa pupa, ndani ya mwezi mmoja wa Machi? Mwaka 1957 timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina, chini ya kocha Frank McGuire, ilifika Kansas City kwenye michezo ya mwisho ya mashindano ya taifa ya vyuo, NCAA, bila kupoteza hata mchezo mmoja. Nyumbani watu walikuwa hawalali kwa hamu. Castleman D. Chesley, mfanyabiashara wa matangazo, akaona kilichokuwa mbele ya macho ya kila mtu: akakusanya haraka vituo vichache vya televisheni vya jimboni na kuvirushia picha kutoka Kansas City.

Bahati nayo ikamfuata. Ijumaa North Carolina iliitoa Michigan State 74–70 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza. Jumamosi ikakutana na Kansas ya Wilt Chamberlain, kijana wa zaidi ya mita 2.1, mbele ya mashabiki waliokaribia kuwa wa Kansas watupu. Mpira wa kurushwa juu wa kuanzia mchezo, McGuire alimtuma Tommy Kearns, mfupi kuliko wenzake wote walioanza, aruke na Chamberlain. Alijua hataupata, alitaka Chamberlain ajione amesimamishwa na mtu wa kumfikia kifuani, na mawazo yahame. Vipindi vitatu vya nyongeza tena. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Joe Quigg akafunga mitupo huru, 54–53. Vipindi sita vya nyongeza kwa siku mbili, na watu wa Chapel Hill, Durham na Greensboro waliviona vyote wakiwa sebuleni. Baada ya hapo nani angewaambia warudi kusoma matokeo gazetini?

Msimu uliofuata Chesley alianza kurusha michezo ya ligi ya ACC kila Jumamosi. Mdhamini mkuu alikuwa kampuni ya bima ya Pilot Life ya Greensboro, na wimbo mfupi wa tangazo lake ulichezwa mara nyingi kiasi kwamba watu waliokulia Carolina miaka hiyo wanaweza kuuimba hadi leo bila kukosea. Sauti za Chesley zilikuwa Jim Thacker, Bones McKinney aliyewahi kuwa kocha wa Wake Forest, na baadaye Billy Packer, aliyecheza chini ya McKinney hukohuko Wake Forest na kufika naye nusu fainali ya taifa mwaka 1962.

Je, wajua kwamba shule za North Carolina zilikuwa na siku yao ya kikapu ambayo haikuandikwa kwenye kalenda yoyote? Ni Ijumaa ya mashindano ya ACC, mwezi Machi. Michezo ilianza mchana, saa za masomo. Mwalimu alikwenda stoo akarudi akisukuma toroli refu la chuma, juu yake televisheni nene ya mgongo mkubwa imefungwa mkanda isidondoke, waya wa umeme ukiburuta nyuma. Antena iligeuzwageuzwa hadi chenga zipungue. Wanafunzi wa hesabu, wa historia, wa sayansi, wote wakaangalia kikapu, na mwalimu akikaa upande wa timu yake bila kujificha. Waliosoma huko enzi hizo wakikutana wakubwa, hiki ndicho kisa wanachokisimulia kwanza. Mimi naamini mapenzi ya jimbo lile kwa kikapu yalijengwa na matoroli hayo kuliko na vikombe.

Je, wajua kwamba Chesley aliwahi kuitangulia Super Bowl? Jumapili ya 14 Januari 1973, siku ya fainali hiyo kubwa ya soka la Marekani, alirusha kwa nchi nzima mchezo wa NC State na Maryland. David Thompson na NC State yake wakashinda 87–85, na Wamarekani wa mbali wakaonja kwa mara ya kwanza kile ambacho Carolina walikuwa wakikila kila Jumamosi.

Mwaka uliofuata timu hizo mbili zilikutana tena kwenye fainali ya ACC mjini Greensboro, 9 Machi 1974. NC State ikashinda 103–100 katika dakika za nyongeza. Wakati huo kila ligi ilipeleka timu moja tu kwenye mashindano ya NCAA, kwa hiyo Maryland, moja ya timu bora nchini, ikakosa nafasi. Watu walikuwa wameuona mchezo wote kwa macho yao na hawakukubali kuwa hiyo ni haki. Msimu wa 1975 mashindano yakapanuliwa hadi timu 32, na ligi ikaruhusiwa kupeleka zaidi ya moja.

Je, wajua kwamba Billy Packer, baada ya kuanzia kwenye matangazo hayo ya Chesley, alichambua fainali za taifa 34 mfululizo, kuanzia 1975 hadi 2008?

Je, wajua kuhusu Woody Durham? Hapa naomba msomaji tutulie kidogo. Kwa miaka 40, kutoka 1971 hadi 2011, alikuwa sauti ya North Carolina, kikapu na soka la Marekani, michezo zaidi ya 1,800. Alisifika kwa maandalizi: kila mchezo alikuja na karatasi zilizojaa takwimu na habari za wachezaji alizoziandaa mwenyewe. Mambo yakiwa magumu dakika za mwisho, aliwaambia wasikilizaji kila mmoja aende pale anapokwenda na afanye lile analolifanya timu ikihitaji bahati. Watu walitii. Kuna waliotoka nje barazani, kuna walioketi ngazi fulani ya nyumba, kuna waliogeukia ukuta. Mtu mzima, daktari au wakili, anasimama jikoni mguu mmoja kwa sababu Woody amesema.

Mwaka 2016 familia yake ilitangaza kwamba ana ugonjwa wa ubongo unaomnyang'anya mtu uwezo wa kuzungumza, neno baada ya neno. Yeye na mkewe hawakujificha. Walijitokeza hadharani ili watu wauelewe ugonjwa huo. Alifariki tarehe 7 Machi 2018. Wanawe wawili, Wes na Taylor, wote ni watangazaji wa michezo.

Je, wajua kwamba Kentucky na North Carolina watu walizima sauti ya televisheni na kuwasha redio, wakaangalia picha ya mtangazaji mmoja huku wakimsikiliza mwingine? Haikuwa dharau kwa waliotumwa na televisheni za New York. Walitaka mtu wao. Picha zilipoanza kupita kwenye setilaiti na mitambo ya kidijitali zikachelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio, shabiki akasikia kikapu kimefungwa wakati mchezaji kwenye skrini bado anadunda mpira. Wapo walionunua vifaa vya kuichelewesha redio ili vitu hivyo viwili viende sambamba. Hayo ndiyo mapenzi.

Aliyeyafundisha Kentucky mapenzi hayo ni Cawood Ledford. Alizaliwa kaunti ya Harlan, kwenye milima ya makaa ya mawe mashariki mwa jimbo, akaanza kwa kutangaza michezo ya shule kwenye redio ya hukohuko. Mwaka 1953 akaanza kutangaza Wildcats wa Chuo Kikuu cha Kentucky, na baadaye sauti yake ikabebwa na WHAS ya Louisville, kituo chenye nguvu kilichosikika mbali sana usiku. Kabla mchezo haujaanza alikuambia timu yako itashambulia upande gani wa redio yako, kushoto au kulia, na ukaanza kuiona. Alipenda Kentucky kwa moyo wote, lakini walipocheza ovyo alisema wanacheza ovyo. Kwa hiyo alipowasifu, msikilizaji aliamini. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililomweka juu ya wengine, maana mtangazaji wa timu moja ana kishawishi kila siku cha kuipamba.

Je, wajua kwamba mchezo wa mwisho wa Kentucky aliotangaza Ledford ndio ambao wengi wanauita bora kuliko yote katika kikapu cha vyuo? Philadelphia, ukumbi wa Spectrum, 28 Machi 1992, Kentucky na Duke, mshindi anakwenda nusu fainali ya taifa. Ledford alikuwa ameshatangaza kustaafu, hivyo Kentucky ikifungwa na yeye basi. Dakika za nyongeza, sekunde 2.1 zimebaki, Kentucky inaongoza 103–102. Grant Hill akaurusha mpira karibu urefu wote wa uwanja, Christian Laettner akaudaka akiwa amekipa kisogo kikapu, akadunda mara moja, akageuka, akatupa. Duke 104, Kentucky 103. Jioni hiyo Laettner alitupa mara kumi akafunga kumi, na mitupo huru kumi akafunga yote.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda. Kocha wa Duke, Mike Krzyzewski, akiwa ameshinda mchezo mkubwa hivyo, alikwenda kwenye meza ya redio ya Kentucky, akachukua kipaza sauti, akazungumza na wasikilizaji wa Kentucky na kuisifu timu yao. Alijua ni nani wanasikiliza na wanajisikiaje. Ledford alifariki Septemba 2001, na mwaka huohuo sakafu ya kuchezea ya ukumbi wa Rupp Arena mjini Lexington ilipewa jina lake.

Je, wajua kwamba watu wa Los Angeles walizoea kuangalia UCLA ikicheza saa tano usiku, mchezo ukiwa umekwisha zamani? Kituo cha KTLA kiliurekodi mchezo wa nyumbani na kuuonyesha usiku. Mashabiki waliziba masikio jioni nzima wasisikie matokeo. Mtangazaji alikuwa Dick Enberg, mwalimu wa chuo mwenye shahada ya udaktari kutoka Indiana, aliyeacha darasa akafuata kipaza sauti.

Wakati huo saa ya kulazimisha timu itupe haikuwepo. Usiku mmoja mwaka 1970 wapinzani waliukumbatia mpira, wakapigiana pasi bila nia ya kutupa. Enberg, akiwa hana la kutangaza, akaanza kuguna hewani wimbo wa "Raindrops Keep Fallin' on My Head", uliokuwa ukivuma. Maneno yake hakuyajua. Mashabiki wakamletea maneno ya wimbo, na yeye akaahidi kwamba UCLA ikitwaa ubingwa wa ligi ataimba katikati ya uwanja. Ikatwaa. Akaimba, mbele ya ukumbi mzima wa Pauley Pavilion.

Je, wajua kwamba mchezo ulioifungulia televisheni macho uliuzwa matangazo ukiwa tayari unachezwa? Tarehe 20 Januari 1968, Houston na UCLA walikutana Astrodome, uwanja wa besiboli, mbele ya watu 52,693. Sakafu ya mbao ililetwa kutoka Los Angeles ikatandikwa katikati, mbali na viti. Televisheni kubwa hazikuutaka mchezo wa katikati ya msimu. Eddie Einhorn, kijana mwenye kampuni ndogo iitwayo TVS, akauchukua kwa dola 27,000, akajiungia kituo kwa kituo, hadi akapata kama 120 nchi nzima. Huku mchezo ukiendelea bado alikuwa anapokea wateja wa matangazo na kumpa Enberg maandishi ya kusoma. Elvin Hayes alifunga pointi 39, Houston ikashinda 71–69, na mfululizo wa UCLA wa ushindi 47 ukakatika.

Miaka 11 baadaye Enberg huyohuyo, akiwa na Packer na Al McGuire (si yule Frank wa 1957), alitangaza fainali ya Magic Johnson na Larry Bird. Hadi leo hakuna mchezo wa kikapu Marekani, wa vyuo au wa kulipwa, uliovuta sehemu kubwa zaidi ya nyumba zenye televisheni kuliko huo wa 26 Machi 1979.

Je, wajua kuhusu Martha wa Indiana? Miaka ya 1970 matangazo ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Indiana kwenye kituo cha WTTV yalidhaminiwa na kampuni ya bima ya Indiana Farm Bureau. Tangazo lake lilimwonyesha mama mmoja akipiga deki katika ukumbi mtupu wa Assembly Hall. Ghafla anaanza kuimba wimbo wa timu kwa sauti ya opera, dekio mkononi. Ndilo hilo tu. Watu wa Indiana wanalipenda kiasi kwamba miaka mingi baadaye lilirudishwa na kuonyeshwa kwenye skrini kubwa ya ukumbi uleule. Redioni jimboni humo alisikika Don Fischer, aliyeanza mwaka 1973 na kutimiza nusu karne na timu moja. Alikuwepo 1976, Indiana ilipotwaa ubingwa kwa michezo 32 bila kufungwa. Hakuna timu ya wanaume iliyorudia hilo tangu hapo.

Haraka haraka sasa.

John Ward wa Tennessee, mwenye shahada ya sheria, kila kikapu kilipoingia alitamka neno moja, "Bottom!", na jimbo zima likalitamka naye, mwaka 1965 hadi 1999.

Joe Dean, aliyewahi kuichezea LSU, aliuita mpira usiogusa chuma muziki wa nyuzi. Baadaye akawa mkurugenzi wa michezo wa LSU hiyohiyo.

Jim Zabel wa redio ya WHO, Iowa, timu ikishinda aliwaambia wasikilizaji waikumbatie redio na kuibusu. Kuna walioibusu.

Bill Raftery alikuwa kocha wa Seton Hall hadi 1981, akaingia kwenye matangazo, na ilipofika 2015 ndipo alipokabidhiwa kwa mara ya kwanza fainali ya taifa kwenye televisheni, akiwa na zaidi ya miaka 70. Wachambuzi wengi walishangilia kama waliopandishwa cheo ni wao.

Redio ya WAER ya Chuo Kikuu cha Syracuse imewalea Marv Albert, Bob Costas, Sean McDonough, Mike Tirico na Ian Eagle. Kituo kimoja.

Dick Vitale alifukuzwa kazi ya ukocha na Detroit Pistons Novemba 1979. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo alikuwa akichambua mchezo wa kwanza wa kikapu cha vyuo kwenye ESPN, DePaul na Wisconsin. Kituo chenyewe kilikuwa hakijatimiza miezi mitatu.

Sasa yule kijana mrefu wa California. Bill Walton wa UCLA, kwenye fainali ya 1973, alitupa mara 22 akafunga 21. Lakini alikuwa na kigugumizi kikali, na hadi umri wa miaka 28 hakuweza kuzungumza mbele za watu. Aliyemketisha na kumpa mbinu za kulishinda tatizo hilo ni Marty Glickman. Walton akaja kuwa mtangazaji mwenye maneno mengi kuliko wote, akiisifia ligi yake ya magharibi, Pac-12, kama mtu anayesifia watoto wake, na kuingiza katikati ya mchezo habari za mito, volkano na muziki. Wapo waliochoshwa. Mimi nikikumbuka alikotoka, ningemsikiliza hadi asubuhi. Alifariki tarehe 27 Mei 2024, mwaka uleule ligi yake ilipovunjika.

Je, wajua kwamba kwa karibu miaka 20 timu bora ya wanawake nchini ilionekana kwenye televisheni ya umma, ile inayoishi kwa michango ya watazamaji? Televisheni ya umma ya Connecticut ilianza kurusha michezo ya wanawake wa UConn mwaka 1994. Msimu huohuo kocha Geno Auriemma na wasichana wake walishinda michezo yote 35 na kutwaa ubingwa. Wazee waliokuwa hawajawahi kujali kikapu waliwajua wachezaji kwa majina yao ya kwanza. Matangazo hayo yaliendelea hadi 2012. Rebecca Lobo, nyota wa kikosi kile cha 1995, leo ni mchambuzi wa ESPN. Naye Debbie Antonelli, aliyeichezea NC State, mwaka 2017 alichambua mashindano ya NCAA ya wanaume, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo tangu Ann Meyers mwaka 1995. Miaka 22 ni mingi mno kwa kazi ambayo wanawake walikuwa wanaijua siku zote.

Je, wajua kwamba enzi aliyoianzisha Chesley ilikwisha rasmi mwaka 2019? Baadaye kazi ilishikwa na Raycom ya Charlotte, kampuni iliyoanzishwa na Rick na Dee Ray mwaka 1979. Mchezo wa mwisho wa enzi hiyo ulikuwa fainali ya ACC ya 16 Machi 2019 mjini kwao Charlotte, Duke 73, Florida State 63. Agosti mwaka huo ligi ikafungua chaneli yake yenyewe pamoja na ESPN. Michezo ni mingi zaidi sasa na picha ni safi. Ila ile ya Chesley na Raycom mtu aliipata kwa antena tu, bila kulipia chochote, na bibi wa kijijini Carolina hakuhitaji mjukuu wa kumfungulia. Hilo limepotea na linaniuma.

Je, wajua kwamba sauti hizi zilitamka pia majina ya kwetu? Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa kwenda Georgetown akiwa na nia ya kusomea udaktari. Januari 1989 alizuia mitupo 12 katika mchezo mmoja dhidi ya St. John's. Na kutoka Dar es Salaam alikuja Hasheem Thabeet, mita 2.21, akaichezea UConn kuanzia 2006 hadi 2009 kabla ya kuchaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies na kuwa Mtanzania wa kwanza NBA. Ligi ya Big East ilimchagua mlinzi bora wa mwaka mara mbili mfululizo. Februari 2009, Hartford, DeJuan Blair wa Pittsburgh alimbinua begani wakigombea mpira, na picha hiyo ilirudiwa msimu mzima.

Mwezi mmoja baadaye, jioni ya Alhamisi tarehe 12 Machi, UConn ya Thabeet ilikutana na Syracuse kwenye robo fainali ya Big East, Madison Square Garden. Kwenye kipaza sauti walikuwa Sean McDonough, aliyesoma Syracuse, Bill Raftery na Jay Bilas. Muda wa kawaida uliisha 71–71, baada ya waamuzi kuangalia picha na kukataa kikapu cha Eric Devendorf kwa sababu mpira ulikuwa bado mkononi mwake saa ilipofika sifuri. Kikaja kipindi cha nyongeza, na kingine, na kingine. Katika vitano vya kwanza Syracuse haikuongoza hata mara moja, ila kila mara ilisawazisha. Jonny Flynn alicheza dakika 67 kati ya 70. Katika cha sita Syracuse ikachomoka, 127–117. New York ilikuwa saa saba na dakika 22 usiku. Dar es Salaam, saa mbili na dakika 22 asubuhi. Usiku wa Ijumaa hiyohiyo Syracuse ilirudi uwanjani kwenye nusu fainali dhidi ya West Virginia, na ikashinda 74–69, tena katika dakika za nyongeza.